Kinuka Alikwenda Kampala na Malalamiko

Wewe unayesoma gazeti hili ukiwa Kigoma, Bujumbura au Nairobi, jua kwamba njia hii ya kuvuka mipaka ilishapitwa na wengine. Hawakuwa Wapentekoste, walikuwa Waanglikana, lakini tumekula matunda yao.

Twende Gahini, Rwanda, kando ya Ziwa Muhazi. Daktari Mwingereza, Joe Church, alifika hospitali ya misheni pale mwaka 1928, na njaa kali ikaikumba nchi. Mwaka 1929 akaenda Kampala, amechoka mwili na roho. Huko Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyewahi kufanya kazi idara ya afya ya serikali. Siku mbili wakakaa na Biblia. Hebu pima: enzi zile za ukoloni, mzungu msomi anamwambia Mwafrika kwamba amepungukiwa, halafu wanapiga magoti pamoja!

Ila anayenigusa mimi zaidi ni Yosiya Kinuka, kiongozi wa wafanyakazi Waafrika pale hospitalini. Kazi ilikuwa imeharibika. Wafanyakazi hawaelewani, na yeye mwenyewe ana kinyongo. Akafunga safari hadi kwa Nsibambi. Alipoulizwa habari za hospitali akaeleza jinsi mambo yalivyo mabaya. Nsibambi hakumpa pole. Alimwonyesha kuwa ubaya wa hospitali unaanzia moyoni mwake yeye Kinuka.

Ungekuwa wewe ungekasirika, si ndiyo? Wengi wetu tukiwa viongozi tunayo orodha ndefu ya makosa ya kwaya, ya wazee, ya mtunza hazina. Kinuka alilichukua lile neno, na akiwa njiani kurudi akatubu. Gahini wakamwona mtu mwingine. Alikiri mbele ya wale wale aliowaongoza, na ajabu ni kwamba hawakumdharau. Ndipo walipoanza kumwamini. Baadaye akawa mchungaji.

Wazungu nao haikuwa rahisi. Baadhi yao walisimama mbele ya Waafrika wakakiri hasira na majivuno. Mmisionari akimwomba msamaha mfanyakazi wake, utamwitaje tena bwana mkubwa? Walianza kuitana ndugu, na neno hilo likawa na uzito.

Sisemi kila kitu kilikuwa kizuri. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa chuo cha theolojia cha Mukono, na wapo walioona kwamba waliookoka wamegeuka kuwa mahakimu wa wenzao. Kujichunguza kukiachwa, kuchunguza wengine huingia upesi sana.

Hata hivyo uamsho ulitembea. Mwaka 1937 timu ya weusi na weupe ilihubiri Kabete, karibu na Nairobi. Mwaka 1939 wakawa Katoke, upande wa Bukoba. Hawakuwa na kadi za uanachama. Mgeni alipokelewa nyumbani, akapewa chakula na mahali pa kulala, kwa kuwa tu alikuwa ndugu.