Kengele iliyoondoka, kamba iliyokuja: historia ya vifaa vya mbwa wetu



Katika kambi moja ya watu waliohama makwao, karibu na Goma, nilimkuta mtoto wa miaka kama kumi ameketi na mbwa wake. Mbwa alikuwa amefungwa shingoni kwa waya wa umeme. Waya ulikuwa umeingia ndani ya ngozi na nzi walikuwa wamejaa kwenye kidonda. Nikamuuliza baba yake: «Papa, mbona mumemfunga kwa waya?» Akanijibu: «Mwana wangu, kamba tulifungia godoro siku ya kukimbia. Tulikamata kile tulichokiona.»

Sikuwa na neno la kumlaumu. Lakini nilirudi nyumbani nikiwaza. Nchi hii yetu ina historia ndefu ya kuvalisha mbwa vifaa vyake, na wengi wetu hatuijui. Leo nawaletea hiyo historia, halafu tutarudi kwa yule mbwa wa kambini.

Tuanzie Ituri na Uele. Katika misitu ya Ituri, Wambuti huwinda kwa nyavu, na mbwa wao huingia porini wakiwa na kengele ya mti shingoni. Kwa nini kengele? Kwa sababu mbwa wa huko habweki kama mbwa wengine. Ana sauti yake, lakini mara nyingi hutembea kimya. Bila kengele, mwindaji hajui mbwa yuko wapi, wala nyama ya porini haiogopi na kukimbilia kwenye wavu. Waazande na Wamangbetu walichonga kengele hizo kutoka kipande kimoja cha mti, wakatoboa ndani na kutundika vipande vidogo vya kugonga. Wakati wa kutembea kwenda mawindoni walizijaza majani ili zisilie. Wakifika, majani yanatolewa na kazi inaanza.

Kumbe kifaa cha mbwa hakikuwa pambo. Kilikuwa chombo cha kazi kama shoka au wavu. Kengele iliyojaa matope hailii sawasawa, na uzi uliooza ukikatika kengele inapotea msituni, na mbwa pengine naye anapotea.

Wazungu walipomwona mbwa huyo walimpenda. Mwaka 1895 baadhi yao walionyeshwa kwenye mashindano ya mbwa ya Crufts, Uingereza, lakini walikufa upesi kwa ugonjwa. Mwaka 1937 wengine kutoka Kongo walionyeshwa tena hapo hapo, na safari hii kizazi chao kilibaki. Waliitwa Basenji. Wasomaji wetu watalitambua neno hilo mara moja: ni «washenzi» kwa kiambishi cha «ba». Wakati wa ukoloni lilitumiwa kwa dharau juu ya watu wa vijijini. Basi mbwa wetu alipanda meli akiwa amebandikwa jina la matusi tuliyotukanwa sisi wenyewe. Na tazameni zaidi: mwaka 1987 na 1988 wafugaji kutoka Marekani walikuja kaskazini-mashariki ya nchi yetu, Zaire wakati huo, kutafuta mbwa wapya vijijini. Mbwa wao walitokana na wazazi wachache mno, na ugonjwa wa figo uliwasumbua. Wakarudi kwa wale wale walioitwa washenzi kuomba damu safi.

Sasa tutazame safari ya upande wa pili. Huko Ubelgiji, katika milima ya Ardennes, kuna abasia ya Saint-Hubert. Inasemwa kwamba watawa wake ndio waliofuga mbwa wakubwa wenye masikio marefu na ngozi ya mikunjo, hodari kuliko wote kwa kunusa nyayo. Huyu hakuachwa akimbie peke yake kama mbwa wa Ituri. Aliongozwa kwa kamba ndefu, na mtu nyuma yake. Hata neno la Kifaransa «limier», ambalo siku hizi hutumiwa pia kwa mpelelezi, limetoka katika neno la zamani lenye maana ya kamba hiyo.

Mbwa wa aina hiyo walifika kwetu mwaka 2011. Mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, iliunda kikosi cha mbwa cha kufuata nyayo za majangili. Mbwa wa kunusa nyayo hufungwa mikanda ya kifuani, siyo shingoni, ili avute bila kujinyonga. Akivalishwa mikanda hiyo anajua kazi imeanza; akivuliwa anajua amepumzika. Ni sawa kabisa na yale majani yaliyotolewa ndani ya kengele.

Ndiyo maana nasema: mbwa wetu aliondoka na kengele, mbwa wa Ubelgiji akaja na kamba, na wote wawili wanatufundisha jambo moja. Anayemtegemea mbwa hutunza kile anachomvalisha. Na ninyi mliohama mnamtegemea mbwa. Usiku yeye ndiye mlinzi wa hema.

Basi turudi kwa yule mbwa wa kambini.

Kwanza, waya hapana. Kitambaa cha kitenge kilichosokotwa mara tatu ni bora kuliko waya. Kikisha kufungwa, vidole viwili vipite kati ya kitambaa na shingo. Mbwa mdogo anakua. Legeza kila wiki.

Pili, kamba na mkanda wa kitambaa vioshwe kwa maji na sabuni, visuuzwe hadi povu liishe, kwa sababu sabuni iliyobaki inawasha ngozi. Matope na mate yakikauka, kamba inakuwa ngumu na inakata shingo. Fungua mafundo na mikunjo: humo ndimo kupe na viroboto vinapojificha. Anika hadi ikauke kabisa, maana kamba mbichi inaoza.

Tatu, mkanda wa ngozi usilowekwe. Pangusa kwa kitambaa chenye unyevu, anika kivulini, kisha paka mafuta kidogo. Jua kali na moto huipasua ngozi. Chuma kikiota kutu, kisugue na ukipake tone la mafuta.

Nne, na hili ndilo kubwa: kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu hupita katika mate. Mbwa aliyebadilika tabia, anayetokwa mate mengi au kuuma ovyo, usimguse wala usishike kamba yake kwa mikono mitupu; itia watu wa afya ya mifugo. Ukiumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo kuulizia chanjo. Usingoje. Chanjo ipo tangu Pasteur alipomtibu mtoto aliyeumwa mwaka 1885, lakini dalili zikianza, karibu kila mgonjwa hufa.

Siku ile kambini, mama mmoja jirani alichana kitenge chake cha zamani. Tulitoa waya polepole, tukaosha kidonda kwa maji ya chumvi, na mtoto akafunga kitambaa mwenyewe huku akipima kwa vidole viwili. Baba yake akaukunja ule waya akaufukia, ili mtoto mwingine asiuokote.