Simu ya Upepo, Ukuta wa Mawe

Kwenye keja yangu ya Ngara kuna mahali pamoja tu ambapo Wi-Fi inashika vizuri: juu ya mtungi wa maji, kando ya mlango. Laptopu inakaa juu ya mtungi, mimi nakaa juu ya kreti ya soda, na makala ya wateja yanaandikwa hivyo. Nikienda kitandani, hatua nne tu, alama ya mtandao inabaki kijipinde kimoja, halafu hata hicho kinapotea.

Mwanzoni nililaumu mashine. Ni ex-UK, yaani ilichoka kwenye ofisi fulani Uingereza kabla ya kuuzwa huku town kwa bei ya wanafunzi. Kuna siku niliipeleka kwa fundi ikiwa haioni mtandao wowote kabisa. Akaigeuza ubavu, akasukuma kiswichi kidogo kwa ukucha, taa ya buluu ikawaka. "Ilikuwa imezimwa tu, brathe," akasema, akanitoza mia tatu. Nililipa bila kubishana.

Lakini hili la kitandani si la kiswichi. Ni la ukuta. Serikali ya kikoloni iliigawa Nairobi kwa rangi, na Ngara ikawa mojawapo ya mitaa ya Wahindi. Wenye uwezo walijenga kwa mawe ya kuchonga, kuta nene za kuzuia jua. Baadaye nyumba nyingi zikakatwakatwa kuwa vyumba vya kupangisha, na nadhani mimi naishi katika kilichokuwa stoo ya mtu. Raota iko kwa dada wa mlango wa mbele, katika iliyokuwa sebule. Tunachanga watu wanne kila mwezi. Wi-Fi ni redio tu, mawimbi ya gigahezi 2.4 au 5. Antena za laptopu zimefichwa kwenye fremu ya skrini, ndiyo maana ukiinamisha kifuniko kidogo wakati mwingine mambo huwa nafuu. Mawimbi ya 2.4 hupenya ukuta kuliko ya 5, lakini jiwe ni jiwe.

Wazee wetu walikuwa na jina la mambo haya kabla ya Wi-Fi. Mawasiliano ya redio waliyaita simu ya upepo. Jina tamu, lakini lina uongo ndani yake, kwa sababu upepo wenyewe huanzia kwenye waya wa mtu.

Waya ulifika Nairobi pamoja na reli, mwaka 1899. Kule magharibi, Wanandi waliokuwa wakipinga ukoloni walikata nyaya za simu za reli na kujitengenezea mapambo, jambo lililowakera Waingereza kwa miaka. Mwaka 1928 Nairobi ikaanza kutangaza redio. Ilikuwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya walowezi. Mawimbi yalipita juu ya kila mtu, Ngara na Pumwani pia, ila hayakuwa yakizungumza na kila mtu. Mwaka 1970 likafunguliwa dishi la Longonot la kuongea na setilaiti, na kwa miongo mingi sauti ya Kenya kwenda ng'ambo ilipitia kwa serikali.

Intaneti ilipokuja miaka ya tisini, ilikuta mlango huohuo na bawabu yuleyule. Barua pepe kutoka kwa mteja wa kampuni moja hapa Ngara kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine Parklands, mwendo wa mguu wa dakika kumi na tano, ilipanda setilaiti, ikavuka bahari, ikarudi. Mwishoni mwa mwaka 2000 makampuni ya intaneti yaliungana, yakafungua kituo cha kubadilishana data hapahapa Nairobi, kiitwacho KIXP. Telkom Kenya ikalalamika kwamba haki yake ya pekee imevunjwa, na wiki kama mbili hivi baada ya kuzinduliwa, tume ya mawasiliano ikaamuru kizimwe. Hakikuwashwa tena hadi Februari 2002. Yaani tulikatazwa kusalimiana ndani ya jiji letu bila kupitia ng'ambo.

Wakati huohuo Marekani ilikuwa imefanya kinyume. Mwaka 1985 ilifungua masafa fulani yatumike bila leseni, mengine yakiwa ya kupashia chakula kwenye maikrowevu, masafa ambayo makampuni makubwa hayakuyathamini. Ndani ya takataka hiyo ndimo Wi-Fi ilimozaliwa. Kanuni zake za kwanza zilitoka 1997, jina likaja 1999, mwaka ambao Apple ilitoa laptopu ya iBook yenye uwezo wa kutumia mtandao bila waya. Mwaka 2003 Intel ikaleta Centrino, na baada ya hapo antena ndani ya laptopu ikawa jambo la kawaida.

Mashine hizo zikatufikia zikiwa zimechoka, ex-UK kama yangu. Zilikuja na antena kabla wengi wetu hatujawa na cha kudaka. Mtandao ulikuwa saiba, kwa dakika, kwenye kompyuta ya mezani yenye kebo. Mabadiliko yalikuja kwa waya tena: kebo ya TEAMS ilifika Mombasa 2009, na Julai mwaka huohuo SEACOM ikawashwa. Ndipo Wi-Fi ikawa na maana. Ikaingia mikahawani, ikaingia kwenye matatu. Nakuru wakazindua ya bure mjini mwaka 2014 na kuiita Bilawaya, jina ambalo nawaonea wivu.

Mimi niliipatia kampasi. Kule kuna eduroam, mpango ambao mwanafunzi wa chuo kimoja anaweza kutumia mtandao wa chuo kingine kwa nenosiri lake mwenyewe. Huku kwetu KENET ndiyo inayouendesha. Kwangu ilikuwa kama pasipoti. Nilipoacha masomo kwa sababu ya karo, hakuna aliyenifukuza. Kuna asubuhi laptopu ilikataa tu. Vipinde vyote vilijaa, jina la mtandao lilikuwa palepale, nenosiri langu likawa si sahihi. Nilikaa nje ya ua, kibandani, na mbele ya chai nikajaribu mara sita. Mawimbi yalivuka ua bila taabu. Mimi ndiye sikuvuka, na kwa sababu ya mpango uleule, nilikuwa nimefungiwa vyuo vyote kwa mpigo mmoja.

Tangu hapo siamini vipinde. Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilipoharibika baharini, raota yetu iliwaka vizuri kabisa na hakuna kilichofunguka. Juni 25, vijana wakiwa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, sisi huku tukisikia milio kutoka upande wa Globe, mtandao ukafifia nchi nzima. Siku moja kabla, mamlaka ya mawasiliano ilikuwa imesema haina nia ya kuuzima. Kampuni za simu zikasema ni kebo za baharini. Kwenye ploti yetu hakuna aliyeamini. Dada wa mlango wa mbele alikuwa akimtafuta mdogo wake aliyeenda town, na meseji zake zilikaa na tiki moja hadi jioni. Aliizima na kuiwasha raota mara nyingi, tukimwangalia, hata baada ya sote kujua kwamba kosa si lake.

Mdogo wake alirudi kwa miguu saa mbili usiku, macho mekundu.

Wiki iliyopita tuliita fundi atoboe ukuta ili apitishe kebo hadi kwangu. Drili ililia dakika ishirini, ikatoa vumbi na shimo la kutosha kidole kidogo, kisha biti ikavunjika. Akapitisha kebo dirishani. Sasa naandika nikiwa kitandani, laptopu ikiwa na waya shingoni, na dirisha halifungiki. Mbu wa Mto Nairobi wameshajua.