Gazeti la wanafunzi lisichomwe, ni kumbukumbu ya lugha

Jumapili iliyopita nyumbani Kiamunyi, mjukuu wangu wa kidato cha pili alifungua sanduku lake la chuma akanipa karatasi nne za daftari zilizoshonwa kwa uzi. "Guka, usimwonyeshe mama," akaninong'oneza.

Lilikuwa gazeti. Utabiri wake wa hali ya hewa ulitangaza wingu zito la moshi jikoni na manyunyu machache ya nyama katika maharagwe. Ukurasa wa pili, kwa masikitiko makubwa, ulitangaza kifo cha mche wa sabuni uliofia bafuni mikononi mwa watu wasiojulikana. Nilicheka hadi miwani ikaanguka. Kisha nikanyamaza, maana nilikumbuka gazeti letu.

Kabla sijalieleza, turudi nyuma kidogo. Wengi hudhani magazeti ya wanafunzi ni mchezo wa juzi. La hasha! Msimulizi, linalotajwa kuwa gazeti la kwanza la Kiswahili, lilianza mwaka wa 1888 katika shule ya misheni ya UMCA huko Kiungani, Zanzibar, ambako walisoma vijana waliokombolewa utumwani. Halikuwa gazeti la mzaha, lakini lilibeba habari za shule na za vituo vya misheni. Yaani, ndugu msomaji, uanahabari wa Kiswahili ulizaliwa shuleni.

Hapa kwetu, marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alichapishiwa kisa chake cha mapema katika jarida la Shule ya Upili ya Alliance mwaka wa 1957. Kiliandikwa kwa Kiingereza. Jarida rasmi lilikuwa na lugha rasmi, na mwalimu alilisoma kwanza.

Letu halikusomwa na mwalimu. Mwaka wa 1976, katika shule moja ya bweni ambayo sitaitaja, tulikuwa watatu na kalamu mbili. Nakala ilikuwa moja tu, ikipita chini ya madawati wakati wa masomo ya jioni. Tuliandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza hakikutuchekesha. Tuliandika kuhusu githeri yenye wadudu, kiranja aliyekoroma akilinda usingizi wa wenzake, na mono, ambao enzi hizo tuliwaita njuka.

Siku moja nakala hiyo ikashikwa. Mwenzetu aliyekuwa na mwandiko mzuri ndiye aliyetambuliwa. Akafukuzwa wiki mbili. Hakututaja. Aliporudi, gazeti lilikuwa limeshachomwa jikoni, naye hakuandika tena kitu chochote ila mtihani. Mimi nimekuwa profesa wa lugha. Hadi leo naamini yeye ndiye aliyekuwa na kipaji.

Sasa tazama kilichoteketea. Mvulana anayeandika tanzia ya sabuni amekwisha kujua sajili ya matangazo ya vifo: "kwa masikitiko makubwa," "mikononi mwa". Asingeijua, asingeweza kuifanyia kejeli. Hakuna anayechekesha kwa mtindo asioumudu. Mfumo wa 8-4-4 ulipokifanya Kiswahili somo la lazima mwaka wa 1985, tulipata watahiniwa wengi, na hilo ni jambo jema. Lakini insha ya mtihani humwogopa msahihishaji. Gazeti la chini ya dawati humwogopa msomaji atakayeboeka, na huyo ni mkali zaidi.

Isitoshe, wapi pengine mwanaisimu atapata "njuka" ya 1976 na "mono" ya leo zikiwa zimeandikwa na wenyewe? Kamusi huchelewa. Sheng haingoji.

Simwombi mwalimu aruhusu matusi. Akiona tusi, akosoe. Namwomba tu, akishika gazeti kama hilo, asome hadi mwisho kabla ya kutafuta kiberiti. Kisha aliweke katika kabati la idara, na aandike tarehe.

Lile la mjukuu nimelirudisha sandukuni. Nimemsahihishia kosa moja la upatanisho wa ngeli, na nikamwomba toleo la pili.