Krismasi katika Mahandaki, 1914

Watu wengi waliogombana husema, "Mwenzangu akija kwanza kutaka amani, nami nitaitika." Na yule mwenziwe naye husema maneno hayo hayo. Basi wote wawili hungojeana, hata Krismasi huja ikapita. Nataka kuwasimulia habari za watu ambao hawakungojeana, ingawa walikuwa na sababu ya kuogopa kuliko sisi.

Mwaka 1914, mwishoni mwa mwezi wa Julai, vita vikuu vilianza Ulaya. Na Novemba ya mwaka ule ule vilikuwa vimekwisha kufika hata Tanga. Katika Ubelgiji na kaskazini ya Ufaransa majeshi yalichimba mahandaki marefu, Waingereza na wenzao upande mmoja, Wajerumani upande wa pili. Katikati palikuwa na uwanda wa matope, na maiti zililala pale bila kuzikwa, maana aliyetoka kuzichukua alipigwa risasi.

Tarehe 7 Desemba Papa Benedikto wa 15 aliwasihi wakuu wa mataifa waache vita japo kwa siku za Krismasi. Wakuu hawakukubali. Walakini neno lile walilolikataa wakuu, askari wadogo walilifanya.

Usiku wa tarehe 24 Wajerumani waliwasha mishumaa juu ya kingo za mahandaki yao, wakaimba nyimbo za Noeli. Waingereza wakasikiliza, kisha wakajibu kwa nyimbo zao. Kulipokucha, mmoja mmoja akatoka mikono mitupu. Wakaamkiana, wakapeana tumbaku, vyakula, na vifungo vya makoti. Tena wakazika maiti zao. Karibu na Fleurbaix, mchungaji wa Waskoti alisoma Zaburi ya 23 kwa Kiingereza, na Mjerumani mmoja akaisoma kwa lugha yake.

Haikuwa hivyo kila mahali. Pengine watu waliuawa siku ile ile. Na asubuhi ya tarehe 26, karibu na Frelinghien, kapteni Mwingereza alipiga risasi tatu hewani; kapteni Mjerumani akatokea, wakasalimiana kwa heshima, naye akapiga mbili hewani. Vita vikarudi. Majemadari wakakataza mapatano ya namna ile, na damu ikamwagika hata tarehe 11 Novemba 1918.

Labda mtu atauliza, "Amani ile ilifaa nini, ikiwa kesho yake waliuana?" Namjibu hivi: askari wale walikuwa chini ya amri, nao hawakuwa na uwezo wa kuvimaliza vita. Lakini sisi tunaogombana kwa mpaka wa shamba, au mahari, au mbuzi aliyekula mahindi, ni jemadari gani atuamuruye kurudi vitani tarehe 26? Hapana hata mmoja. Amri hiyo hutoka moyoni mwetu wenyewe, nasi twaweza kuikataa.

Kumbukeni pia ya kuwa palikuwa na mtu aliyetoka handakini kwanza, asijue kama atapigwa. Wewe ukienda kwa jirani yako jioni ya leo, utapata hasara gani? Pengine atakunyamazia tu. Basi nenda, wala usingoje aje yeye.