Nani Hahesabiwi? Ulinganisho wa Vihisi vya Rada vya Kando ya Barabara kwa Takwimu za Usafiri kati ya Feri na Kariakoo

Utangulizi

Katika mijadala ya takwimu za usafiri mijini, hoja moja imezoeleka mno hata haihojiwi tena: kihisi bora cha rada ni kile chenye kosa dogo katika jumla ya vyombo kilivyohesabu. Kwa kipimo hicho, kifaa kinachokosea kwa asilimia chache tu kimekwisha kumshinda kijana aliyekaa kando ya barabara na fomu yake tangu alfajiri. Makala hii inakipinga kipimo hicho. Kati ya Feri na Kariakoo, jijini Dar es Salaam, jumla inaweza kukaribia ukweli na bado takwimu zisifae kwa upangaji, kwa kuwa makosa ya rada hayasambai sawasawa. Yanawaelemea wenye bodaboda, bajaji, guta na mikokoteni, ambao ndio hasa wanaoisogeza biashara ya eneo hilo.

Yanayokubaliwa na yanayobishaniwa

Namna rada zinavyofanya kazi haina ubishi. Rada ya Doppla hutuma mawimbi ya masafa yasiyobadilika, aghalabu gigahezi 24, kisha husoma tofauti ya masafa katika mwangwi. Chombo kikiijia kwa kilomita 10 kwa saa, tofauti hiyo ni takribani hezi 445. Kikisimama, tofauti ni sifuri, na kwa kifaa hicho chombo hakipo. Aina ya pili hubadilisha masafa yake kwa mpangilio maalumu, hivyo hupima na umbali pia. Ikitumia upana wa masafa wa megahezi 250, inaweza kutenganisha vitu viwili vilivyoachana kwa sentimita 60 hivi. Ndiyo maana hufungwa ubavuni mwa barabara na kuhesabu njia nyingi kwa pamoja: Wavetronix SmartSensor HD hutangazwa kuwa na uwezo wa njia 22, na RTMS Sx-300 njia 12. Aina zote mbili hazihitaji lami ikatwe, na mvua ya masika haizisumbui kama inavyoisumbua kamera.

Ubishi unaanzia kwenye ushahidi wa ubora. Majaribio yanayonukuliwa zaidi yalifanywa kwenye barabara kuu za Marekani, ambako kila dereva hubaki kwenye njia yake. Hata uainishaji wa huko wenye madaraja 13 unaweka pikipiki ya magurudumu mawili na ya matatu katika daraja moja. Anayeuleta uainishaji huo Mtaa wa Msimbazi bila kuugusa ameshaamua, kabla ya kifaa kuwashwa, kwamba bodaboda na bajaji ni kitu kimoja. Rada ya ubavuni huongeza tatizo, kwani huainisha kwa urefu. Kwa urefu pekee, Noah ya familia na Hiace iliyojaza abiria zinakaribiana. Coaster ya abiria na lori dogo la mizigo vilevile.

Kivuli cha basi

Ushahidi ninaoutegemea zaidi ni wa kijiometri, na msomaji anaweza kuukagua kwa kalamu na karatasi. Chukua rada ya ubavuni iliyofungwa juu ya nguzo ya mita 6. Basi la mwendokasi lenye kimo cha mita 3.2 linapita, na ubavu wake wa mbali uko mita 8.5 kutoka kwenye nguzo. Mstari unaotoka kwenye kihisi na kugusa ukingo wa paa la basi unaendelea kushuka upande wa pili, na unafikia kimo cha mita 1.7, ambacho ni cha bajaji, ukiwa umbali wa mita 13 kutoka kwenye nguzo. Kwa hiyo bajaji yoyote iliyomo yote ndani ya mita 4.5 nyuma ya basi imefichwa kabisa. Upana huo unazidi njia moja ya barabara.

Ongeza muda. Basi la mita 18 likijikokota kwa kilomita 10 kwa saa hutumia sekunde 6.5 kuupita mstari wa rada. Bajaji iliyoandamana nalo kwa mwendo huohuo hupita na kumaliza bila kuonekana. Foleni ikizidi, kivuli hudumu zaidi. Maana yake ni kwamba rada hupoteza vyombo vidogo vingi hasa saa zile ambazo mpangaji anazihitaji takwimu kuliko saa nyingine.

Nguzo ikipandishwa hadi mita 10, kivuli kwa bajaji hupungua hadi mita 1.9. Nafuu hiyo ni ya kweli, ila bajaji inayobana ubavu wa basi bado inapotea. Isitoshe, nguzo ndefu hutakiwa kurudishwa nyuma zaidi ili mwale wa rada ufunike njia za karibu, na Kariakoo maduka yanaishia barabarani.

Rada ya Doppla inayoelekezwa mbele haina kivuli cha namna hii kwa kiwango hicho, lakini ina udhaifu wake. Mkokoteni unaosukumwa kwa kilomita 5 kwa saa hauna tofauti ya kasi na mchukuzi anayepita na furushi kichwani. Fundi akiweka kikomo cha chini ili kuwaondoa watembea kwa miguu, mkokoteni nao umeondoka.

Mapigo ya kivuko

Feri ina jambo la ziada. Vyombo havitiririki, hutoka kwa mafungu kila kivuko kinapofungua mlango. Kivuko cha MV Magogoni kilijengwa kubeba abiria 2,000 na magari 60. Rada ikihesabu magari yote 60 bila kosa hata moja, bado haijasema lolote kuhusu watu 2,000 wanaomiminika kuelekea kituo cha mwendokasi cha Kivukoni, kwenye bajaji na bodaboda. Aidha, wastani wa saa nzima hufuta fungu lenyewe, na fungu ndilo linaloziba makutano. Hapa angalau rada ina faida isiyopingika: hurekodi kila chombo inachokiona kwa sekunde yake, usiku na mchana, kazi ambayo mhesabuji haiwezi.

Pingamizi

Wapo watakaosema kosa linaweza kusahihishwa kwa kizidisho: hesabu kwa mkono siku moja, pata uwiano, kisha uutumie mwaka mzima. Hoja hiyo ingesimama kama upotevu ungekuwa thabiti. Tumeona kuwa hubadilika kulingana na idadi ya mabasi, kasi na upande wa barabara. Kizidisho cha asubuhi ya Jumapili hakina kazi jioni ya Ijumaa. Kuhusu kamera, zinatambua aina ya chombo vizuri zaidi, lakini giza, mvua na swali la faragha havijapatiwa jibu la bei nafuu.

Hitimisho

Kwa barabara kuu zilizo chini ya Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS), ambako malori na kasi ndiyo maswali makuu, rada ya ubavuni yaelekea kutosha. Kwa Feri, ifungwe juu, itoe takwimu za dakika tano au pungufu, na iambatane na hesabu ya mkono kwa kila aina ya chombo. Ndani ya Kariakoo, kwenye mitaa kama Kongo na Mkunguni, isitumike kabisa kama chanzo pekee. Zabuni za vifaa hivi zidai kiwango cha kosa kwa bodaboda, bajaji na guta, kila kimoja peke yake, saa za foleni. Muuzaji asiyeweza kukitaja hajauza kifaa cha kuhesabia usafiri wa Dar es Salaam.