Kivinjari na Gharama ya Data Kondoa
Historia ya kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti, katika miji ya bara kama Kondoa haitenganishwi na gharama ya data, kwa kuwa kabla mkongo wa baharini wa SEACOM haujafika Dar es Salaam mwaka 2009, Tanzania ilitegemea zaidi setilaiti, njia ya ghali na ya polepole. Internet Explorer ilikuja na kompyuta za Windows, ilhali Opera Mini, iliyosambazwa duniani mwaka 2006, ilifungua kurasa hata kwenye simu ndogo za vitufe, kwani seva zake huubana ukurasa kabla haujamfikia msomaji. Baadaye Chrome, iliyozaliwa mwaka 2008, ilienea pamoja na simu za Android. Kwa mwenye kifurushi kidogo, Opera Mini ingali chaguo bora la kila siku.