Ndoa Inayovuka Mpaka

Mwezi Julai 2013 ndege ndogo ya wagonjwa iliondoka Cincinnati, katika jimbo la Ohio, ikiwachukua wanaume wawili walioishi pamoja miaka 20 hivi. Mmoja wao, John Arthur, alikuwa hawezi tena kuinuka kitandani kwa maradhi ya mishipa ya fahamu. Ndege ilitua karibu na Baltimore, jimboni Maryland. Yeye na Jim Obergefell wakafungishwa ndoa humo humo ndani ya ndege, kisha wakarudi kwao. Maryland walikuwa wanandoa. Ohio hawakuwa lolote. Arthur alifariki Oktoba mwaka huo, na ugomvi ukawa juu ya cheti cha kifo: je, kiandikwe kuwa marehemu alikuwa na mwenzi wa ndoa? Jaji wa shirikisho aliamuru kiandikwe hivyo. Jimbo likakata rufani.

Ndugu msomaji, najua wengi kwetu hawataki hata kulisikia jambo hili, nami simshurutishi mtu. Ninalolitazama hapa ni swali la historia: je, Marekani ilifaa kuihalalisha ndoa ya watu wa jinsia moja nchi nzima kwa mara moja, au kuliachia kila jimbo liamue?

Nilipofundisha historia ya Marekani chuoni, wanachuo walikuwa wakishangaa nchi moja kuwa na sheria za ndoa 50. Lakini ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Tangu 1931 mtu aliyetaka talaka ya haraka aliweza kwenda Nevada, akakaa majuma sita, akarudi kwao yu huru.

Njia ya jimbo kwa jimbo ina sifa yake, tena kubwa. Massachusetts ilianza kufungisha ndoa hizo Mei 2004, kwa hukumu ya mahakama yake. Mwaka huo huo majimbo 13, Ohio likiwamo, yalipiga kura kuzizuia katika katiba zao. Mtu angesema safari imekwisha. Kumbe watu waliendelea kutazamana, majirani wakaona majirani, na Novemba 2012 wapiga kura wa Maine, Maryland na Washington wakazikubali wenyewe kwa sanduku la kura. Jambo lililokubaliwa namna hiyo halilaumiwi kwamba lililetwa na majaji. Hoja hii Jaji Mkuu John Roberts aliishika alipopinga hukumu ya 2015, na mimi siidharau.

Ila ina kasoro moja ambayo sioni dawa yake. Ndoa husafiri. Mtu huhama kwa kazi, huugua ugenini, hufa na kuacha mali. Mwaka 1958 Richard na Mildred Loving, mzungu na mke mweusi, walioana Washington, D.C., wakarudi Virginia, wakakamatwa kitandani usiku. Mahakama Kuu ilipofuta sheria za namna hiyo mwaka 1967, majimbo 16 yalikuwa bado nazo. Hao wangengoja hadi lini jimbo la mwisho libadili moyo?

Tena serikali kuu yenyewe haikukaa kando. Sheria ya 1996 iliinyima kila ndoa ya aina hii kutambuliwa na shirikisho, hata pale jimbo lilipoikubali. Edith Windsor wa New York alipofiwa na mwenzi wake mwaka 2009 alidaiwa kodi ya urithi dola 363,053, ambayo mjane wa mume asingedaiwa. Alishinda Juni 26, 2013. Miaka miwili baadaye, tarehe ile ile, kesi ya Obergefell iliamuliwa kwa majaji watano dhidi ya wanne, na ndoa hizo zikawa halali nchi nzima.

Kwa maoni yangu majimbo ndiyo yaliyolima shamba, mahakama ilivuna. Lakini hukumu ya majaji watano yaweza kupinduliwa na majaji watano wengine, na Kongresi ilikumbuka hilo. Sheria iliyotiwa saini Desemba 2022 hailazimishi jimbo kufungisha ndoa hizo iwapo hukumu ya 2015 itaanguka. Inalilazimisha kuitambua ndoa iliyofungwa halali katika jimbo jingine. Na ibara ile ya Ohio ya 2004 haikufutwa na hukumu. Iliondolewa nguvu tu. Hukumu ikianguka nayo ibara ikiwa bado imo, watu wa Cincinnati watalazimika tena kupanda ndege. Tofauti ni kwamba safari hii watarudi wakiwa wanandoa.